Maswali ya baiolojia ya mwaka wa tatu, kutoka Ujiji hadi Kaliua

Vyuo vikifungwa, wanafunzi wa baiolojia wanaorudi nyumbani Kigoma na Tabora huniletea maswali kuhusu kozi za miaka ya juu. Safari hii nimechagua matano.

Shikamoo mwalimu. Muhula ujao nina Takwimu za Baiolojia, na ni kozi ya lazima. Mimi nilikwenda kusoma samaki, siyo hesabu. Hakuna namna ya kuikwepa? (Ujiji)

Marahaba. Hakuna, na hata ningekuwa na uwezo wa kukuondolea nisingekuondolea. Tuzungumze samaki basi, tena wa ziwa lako mwenyewe. Katika Tanganyika yupo samaki mdogo aitwaye kisayansi *Perissodus microlepis*, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya wenzake. Huwanyemelea kwa nyuma, akang'ata ubavuni, akatoweka. Mdomo wake umepinda upande. Waliopindia kulia hushambulia ubavu wa kushoto wa windo, na waliopindia kushoto hushambulia wa kulia. Mwaka 1993 mtafiti Mjapani Michio Hori alionyesha katika jarida la *Science* kwamba makundi haya mawili hupokezana kuwa mengi, kila moja likipanda kidogo juu ya nusu kisha kushuka. Maelezo yake ni kwamba kundi likizidi, samaki wanaowindwa huwa macho zaidi upande ule, na kundi lililo dogo ndilo linaloshiba.

Sasa jiulize, jambo hilo lingejulikanaje bila hesabu? Tuseme umevua 20, na 13 kati yao wamepindia kulia. Utasimama mbele ya watu useme wa kulia wamezidi? Rusha sarafu mara 20: kupata kichwa mara 13 au zaidi hutokea kwa bahati tu karibu mara 13 katika kila majaribio 100. Hapo huna hoja. Ukivua 200 ukakuta 130, uwiano ni uleule, lakini bahati peke yake haileti matokeo hayo hata mara moja katika majaribio 10,000. Kozi unayotaka kuikwepa ndiyo inayokufundisha tofauti ya ndoo hizo mbili za samaki. Ingia darasani.

Malale tulisoma sekondari, tukachora mzunguko wa maisha ya kimelea mpaka tukaukariri. Kozi ya vimelea chuoni ina kipya gani? (Kaliua)

Kipya ni swali la "kwa nini". Wewe unatoka kwenye misitu ya miombo yenye mbung'o, nzi wanaoeneza malale, kwa hiyo unajua kwamba ugonjwa huo hauna chanjo. Sekondari hawakukueleza sababu. Kimelea chake hujifunika koti la protini ya aina moja. Mwili ukishalitambua koti hilo na kutengeneza kingamwili (protini za kinga) dhidi yake, vimelea vichache vinakuwa vimeshabadili koti, navyo ndivyo vinavyoongezeka. Kinga inaanza upya, na mgonjwa homa humwacha ikamrudia. Kimelea hicho kina jeni zaidi ya elfu moja za makoti ya namna hiyo. Ili ulielewe hilo vizuri unahitaji jenetiki, kinga ya mwili na mageuko ya viumbe kwa pamoja, na ndiyo maana kozi hii huwekwa mwishoni.

Mzunguko ule wa kuchora usiutupe. Mbung'o jike hatagi mayai mengi kama mbu: hulea buu mmoja tumboni, akamlisha kwa maziwa, ndipo akamzaa. Mdudu anayezaa kwa taratibu hivyo, ukimpunguza kidogo kila siku kwa vitambaa vya bluu na nyeusi vilivyotiwa dawa, hawezi kufidia.

Nichague ikolojia au biolojia ya molekuli? Wenzangu wanasema ikolojia ni ya wasio na malengo. (Kasulu)

Wenzako wamekosea, na jibu liko katika hifadhi ya Gombe. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alifika pale Julai 1960, na tangu hapo sokwe wamefuatiliwa mmoja mmoja, kwa majina, kizazi baada ya kizazi. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba SIV, kirusi ndugu wa VVU, hakiwadhuru sokwe. Watafiti wakaokota vinyesi msituni, wakapima maabara, wakalinganisha na kumbukumbu za nani amekufa na nani amezaa. Mwaka 2009 walichapisha katika *Nature* kwamba sokwe wenye kirusi walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi kuliko wa umri wao wasionacho. Maabara (biolojia ya molekuli) bila daftari la msituni (ikolojia) isingeona kitu, na daftari bila maabara vilevile. Chukua moja kama kozi kuu, na nyingine ya hiari.

Mwanangu anasoma baiolojia, siyo udaktari. Ataajiriwa wapi? (Tabora mjini)

Mama, wapo wanaofundisha, wanaofanya kazi maabara, kwenye hifadhi, misitu, uvuvi na ufugaji nyuki. Ajira ni ngumu, sikufichi. Muulize ameshika vifaa gani kwa mikono yake mwenyewe, maana hilo ndilo ataulizwa kwenye usaili.

Natakiwa kufanya mradi wa utafiti na hela sina. Nifanye nini? (Kigoma mjini)

Nenda Kibirizi alfajiri na rula, daftari na kalamu. Omba dagaa 100 kutoka mtumbwi mmoja, bila kuchagua wakubwa. Watenganishe kwa aina, maana ndani ya fungu huwa kuna aina mbili za dagaa, na mara nyingine vifaranga vya migebuka. Pima urefu wa kila mmoja. Rudia kila wiki. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Likifungwa tena wakati wa mradi wako, vipimo vya kabla na baada ni swali zuri kabisa la utafiti. Wavuvi wa taa hupumzika mbalamwezi ikiwa kali, kwa hiyo panga tarehe zako kwa kufuata mwezi, na kila siku uandike mwezi ulikuwa na umri wa siku ngapi. Na uwaambie wavuvi unapima nini kabla hujagusa samaki wao.