Barua kwa mwanangu: kabla hujalipa kodi ya miezi sita Kigoma

Tabora

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako kwa makini. Unasema umepangiwa kazi katika Hospitali ya Maweni, na kwamba dalali amekutumia picha za nyumba iliyoko Kibirizi, karibu kabisa na ziwa, ambayo kodi yake ni nafuu kuliko vyumba vyote alivyokutajia Mwanga na Gungu, ila mwenye nyumba anataka alipwe miezi sita kwa mkupuo kabla hujafika. Unaniuliza kama uilipie. Usiilipie.

Wewe umesomea Tanga, umezoea bahari inayojaa na kupwa kila siku, kwa hiyo maji yakisogelea ukuta unajua baada ya saa chache yatapwa. Ziwa Tanganyika halina desturi hiyo. Hupokea mito mingi, ikiwamo Malagarasi na Ruzizi, lakini njia ya kutokea ni moja tu, Mto Lukuga upande wa Kongo, na maji mengine hupungua kwa kugeuka mvuke. Mvua zikizidi misimu kadhaa mfululizo, ziwa hupanda taratibu na linaweza kukaa juu kwa miaka. Lilifanya hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, likafikia kilele mwaka 1964, na tangu 2020 limepanda tena hadi kuzifikia nyumba za watu na miundombinu ya bandari. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Picha za dalali hazionyeshi umbali huo, na naamini unafuu wa kodi ile una sababu yake.

Sasa tuhesabu. Tuseme chumba na sebule ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 300,000, na dalali, kwa mazoea, huchukua kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo unatoa 350,000 kabla hujanunua hata godoro. Nyumba ya 60,000 ambayo mwenyewe anakubali miezi mitatu inakutaka 240,000 pamoja na dalali. Kwa kijana anayesubiri mshahara wake wa kwanza, hiyo ya pili ndiyo nafuu, hata kama kwa mwaka mzima utalipa zaidi, kwa sababu ukiona kasoro hufungwi nayo nusu mwaka.

Uliza pia habari za umeme. Mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ikiwa moja kwa wapangaji wote, ugomvi wa kuchangia hauishi, hasa kwa mtu wa zamu kama wewe ambaye usiku mwingi hatakuwepo. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo, ile ya serikali, hukatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji, basi kubalianeni tangu mwanzo namna atakavyokurudishia, na iandikwe kwenye mkataba. Kuhusu maji ya bomba, waulize wapangaji waliopo hutoka siku zipi, usimuulize dalali.

Nimekwisha kuzungumza na shangazi yako wa Ujiji. Nyumba yake imejaa, lakini amekubali ulale pamoja na wanawe kwa wiki mbili, na daladala za kwenda mjini zipo. Tumia siku hizo kutembea mwenyewe Mwanga, Gungu na Katubuka, ingawa huko Katubuka jihadhari na sehemu za bondeni, kwa kuwa maji hutuama. Tazama alama za unyevu chini ya kuta, tazama choo mnachoshirikiana na idadi ya familia zinazokitumia. Ukipata, mwende pamoja na mwenye nyumba kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, athibitishe kwamba nyumba ni yake kweli na ashuhudie mkataba, ndipo utoe fedha na upewe risiti.

Nitumie picha ya mkataba kabla hujatia sahihi. Na ikiwa fedha ya kuanzia itapungua, niambie kiasi kilichopungua siku hiyohiyo. Usikope kwenye simu, mama yako na mimi tutaangalia la kufanya.

Baba yako.