Mwambie mkeo kabla hujakopa mshahara wa kuigiza

Ndugu, usitafute mahali pa kujificha mchana. Umeuliza ni wapi katikati ya Nairobi mtu aliyepunguzwa kazini anaweza kukaa hadi saa kumi na moja jioni bila kuonwa na anaowafahamu, ukauliza pia jinsi ya kueleza pengo kwenye wasifu wako, na kama malipo uliyopewa yatumike kulipia karo ya muhula ujao. Nimesoma maneno yako nikiwa na uchungu, kwa sababu njia unayoipanga niliipita baada ya kampuni tuliyokuwa tukiifanyia kazi kufunga idara yetu. Mahali pa kukaa papo. Nenda bustani ya Jeevanjee wakati wa mahubiri ya mchana, na utawakuta wanaume waliopiga pasi mashati wakingoja saa ya kurudi nyumbani. Nauli na chakula cha mchana hulipwa vilevile, kazi iwepo au isiwepo.

Siku za kwanza uongo huu wa kumwigizia mkeo kwamba bado una kazi hauombi kitu. Ukifika mwisho wa mwezi unadai mshahara, na mshahara huo lazima utoke mahali fulani. Wangu ulitoka kwenye malipo ya kupunguzwa kazi, na yalipokwisha ukatoka kwenye mikopo ya simu. Fanya hesabu mwenyewe: M-Shwari, mkopo wa M-Pesa, ilipoanza mwaka 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na anayekopa hivyo kila mwezi ili kulipa mkopo wa mwezi uliopita hutoa asilimia 90 kwa mwaka, kabla hajanunua hata unga. Wakati huohuo, ndugu kwenye kundi letu la WhatsApp waliniandikia mchango wa matanga kwa kiwango cha mtu mwenye kazi, nami nikautoa, kwa kuwa aliyekwisha kusema ana mshahara hana sababu ya kukataa.

Hata hivyo, madeni hayakuwa hasara kubwa kuliko zote. Mke wangu, akiamini kwamba kodi ya nyumba ina mwenyewe, alikopa kwenye chama chake cha akiba akanunua marobota ya mitumba soko la Gikomba. Alikuwa amepiga hesabu vizuri, ila aliijenga juu ya fedha ambazo hazikuwapo, na mimi nilikuwa nimekaa mezani nikimsikiliza akiipiga. Kisha mtoto akashikwa na homa kali usiku. Alimkimbiza hospitalini, akatoa kadi ya bima ya kampuni, na karani wa dirishani ndiye aliyemwambia kwamba mwajiri wangu alikwisha kuifunga. Ukiondoka kazini, kadi ya namna hiyo kwa kawaida hufungwa. Hata bima ya afya ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kupitia mwajiri, na asiye na mwajiri hukadiriwa kipato na kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mkeo hawezi kujisajili katika utaratibu huo ikiwa hajui kwamba anauhitaji.

Aliponikabili hakuuliza kuhusu kazi. Aliuliza kwa nini nilimwacha akope. Mpaka leo, nikimwambia ninakwenda mahali, huniangalia kwanza.

Aliyenishauri ninyamaze alikuwa mwenzangu wa ofisini, mkubwa wangu kwa umri, aliyesema kwamba mwanamume humweleza mkewe baada ya kupata kazi nyingine, na kwamba kusema mapema ni kujishushia heshima. Hakuniambia kwamba yeye ana vyumba vya kupangisha Kasarani na kodi humwingilia kila mwezi. Alikuwa na haki gani ya kunifundisha ukimya ambao yeye aliweza kuulipia na mimi sikuweza? Bado nina hasira naye, na nina hasira na kila mzee anayewagawia vijana waliopunguzwa kazini ushauri huo kana kwamba ni busara. Usimsikilize wako, maana nimeona kwenye swali lako kwamba unaye.

Jambo ninalokusihi ni hili: sema kabla ya mwisho wa mwezi huu, kabla shilingi ya mkopo haijaingia nyumbani ikiitwa mshahara. Mikopo hiyo ikikushinda utaorodheshwa kwa CRB, yaani wanaoweka rekodi za wasiolipa mikopo, na nafasi nyingi za serikalini hudai cheti cha CRB pamoja na vile vya KRA (kodi), HELB (mikopo ya wanafunzi) na DCI (polisi wa upelelezi), kwa hiyo deni la kuficha ukosefu wa kazi litakuzuia kuipata kazi yenyewe.

Leo jioni mpe barua ya kuachishwa aisome mwenyewe. Hakikisheni pamoja kwamba mmelipwa haki: kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataka aliyepunguzwa kazini alipwe mshahara usiopungua wa siku 15 kwa kila mwaka aliomaliza. Kuhusu karo, usiiamue peke yako. Na kabla hamjalala, mwulize waziwazi kama kuna ahadi au mkopo aliouchukua akitegemea mshahara wako, kisha umwache ajibu bila kumkatiza.