Pima maji ya chaza siku ambayo hupendi kuyapima

Kikundi chetu kilipoanza kuvuna chaza wa kuuza kwenye mikoko ya ng'ambo ya Kitunda, Lindi, mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kupima usafi wa maji, na kwa miezi kadhaa niliifanya kwa namna iliyonirahisishia mimi. Nilichota asubuhi bahari ikiwa imejaa, kwa kuwa mtumbwi hufika hadi mikokoni bila kukwama kwenye matope, na majibu yalirudi mazuri kila mara. Sikujiuliza kwa nini.

Maji ya kujaa hutoka bahari kuu, ilhali yale ya kupwa hushuka na mto Lukuledi pamoja na kila kilichosombwa na mvua, kuanzia vinyesi vya mifugo hadi vyoo vya shimo vilivyofurika. Siku moja ya Januari nilichelewa, nikachota maji yakitoka, siku ya pili baada ya mvua kubwa, na chupa ikawa na rangi ya chai ya maziwa. Majibu yake yalitulazimu kusimamisha mavuno.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba sampuli ichukuliwe wakati maji yanapotarajiwa kuwa machafu zaidi. Tumia chupa iliyotakaswa, usiisuuze, izamishe mdomo ukielekea mkondo unakotoka, karibu na kina wanachokaa chaza, kwa sababu maji ya mvua ni mepesi na huelea juu ya maji ya chumvi. Iweke kwenye boksi la barafu bila kuigandisha, na ifike maabara ndani ya saa 24. Ukitegemea basi la Dar es Salaam, usichote Ijumaa.

Maji peke yake hayatoshi, pima na nyama. Chaza huchuja maji mengi kutwa nzima na kulimbikiza vijidudu, hivyo maji yanayoonekana safi leo yanaweza kuwa na chaza waliobeba uchafu wa juzi. Umoja wa Ulaya hupanga maeneo ya mavuno kwa wingi wa E. coli, bakteria wanaoashiria kinyesi, katika gramu 100 za nyama na maji ya ndani ya gamba: daraja la kwanza, ambalo chaza wake huuzwa bila kusafishwa kwanza, kikomo chake cha kawaida ni 230, na la pili ni 4,600.

Kuna pia sumu ya vijimea vya baharini, ambayo haiondoki hata ukichemsha chaza mpaka wakakauka. Hiyo ina kipimo chake, nayo E. coli haiwezi kuitabiri.

Sasa daftari letu lina safu ya bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), na nyingine ya mvua, inayojazwa kutokana na kopo lililowekwa uwanjani kwa mwenyekiti wetu. Kopo likipita alama tuliyoichora kwa rangi nyekundu, tunampigia mnunuzi simu usiku uleule, kabla hajatuma gari.