Kazi mbili zimekuja pamoja, ya jikoni Bamburi na mlango wa Mji wa Kale, nichukue ipi?

Ndugu yangu, mimi ni seremala hapa Majengo, Mombasa, mwaka wa 19 huu, hasara nshazila za kutosha, kwa hivyo hiyo bei ya Bamburi iwache kando kwanza uliza nani anaamua.

2021 nlichukua jikoni la watu Nyali, laki mbili na kitu, nkafurahi kama mtoto siku ya Idi. Kumbe niliyekuwa nkiongea naye ni shemeji tu, mwenye nyumba yuko Doha, na mwenye jikoni hasa ni mkewe ambaye alikuwa akituma voisi saa sita za usiku. Makabati nshayafunga ukutani ndio anasema sinki lihamie dirishani. Haya, nkahamisha. Rangi ikageuzwa mara mbili. Na mbao walinunua wenyewe, MDF, ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, nkawaambia jamani chini ya sinki tieni marine board, ubao unaostahimili maji, hii MDF ikinywa maji inafura kama mkate ndani ya chai, wasisikie. Miezi minne mlango haufungi, na fundi mbaya ni nani? Nlipopiga hesabu nkatoa ya vijana wawili siku 23, mkononi nkabaki na elfu kumi na moja. Wallahi.

Mlango wa kuchonga nshafanya pia, pesa ilikuwa nusu ya hiyo. Mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, peke yake ulinila siku nane, lakini mzee mwenyewe alikuwa akikaa barazani na kahawa yake, ananambia ua hili lilaze kidogo, nalilaza, yamekwisha. Wapita njia wakisimama kuangalia, na kwenye kile kichochoro nkapata kazi tatu zingine (moja hawajamaliza kunilipa, hayo tuyawache).

Ila Mji wa Kale ni eneo la uhifadhi, mlango wa zamani hautolewi hivi hivi, watu wa Makumbusho lazima waridhie. Hakikisha mwenyewe ana ruhusa kabla hujatia msumeno kwenye mbambakofi, maana mbao hiyo ukishaikata hairudi dukani.

Ya Bamburi nayo sikukatazi, mradi arbuni iwe nusu na mwenye jikoni aje akuoneshe kwa kidole sinki linakaa wapi. Huyo mtu lakini ushaonana naye ama ni simu tu?