Jibu: Senario zinapita, lakini mteja anatozwa mara mbili

Mkuu, umeuliza kwa nini senario zako za malipo ya simu (maelezo ya hatua kwa hatua ya mfumo unavyopaswa kufanya) zinapita zote kwenye majaribio, ilhali wateja wanatozwa mara mbili. Umeandika yanayopaswa kutokea tu. Yaliyo marufuku hayamo.

Chora washiriki wanne: mteja, programu, seva yako, mtandao wa malipo. Kila mshale uwekee alama: ni lazima ufike, au huenda ukafika? Michoro ya LSC (Live Sequence Charts, michoro ya ujumbe kati ya washiriki) ya wanasayansi wa kompyuta Werner Damm na David Harel ilibuniwa hasa kwa tofauti hiyo. Taarifa ya malipo, yaani ujumbe wa mtandao wa malipo kwa seva yako kuhusu malipo, ni ya "huenda": inaweza kuchelewa, kuja mara mbili, hata kutangulia jibu la ombi lenyewe. Ikichelewa, mteja anabonyeza "Lipa" tena na seva inafungua muamala mpya. Hapo ndipo pesa inapokatwa mara mbili.

Ongeza senario ya katazo: oda moja isiwe na maombi mawili ya malipo yaliyo wazi. Kwenye hifadhidata, liweke kama sharti la upekee (kanuni inayokataa thamani kujirudia) juu ya namba ya oda kwa miamala iliyo wazi. Kuangalia kwanza ndipo uandike hakutoshi kabisa, maana maombi mawili yakiingia pamoja yote yatakuta hakuna kitu.

Majaribio usiyaandike kwa mkono. Matukio manne yanayojitegemea yana mipangilio 24. Programu iyapitishe yote, kisha irudie kila mpangilio na taarifa iliyokuja mara mbili. Saa iwe ya kuigiza, la sivyo utasubiri kila muda wa ukomo na timu itaacha kuyaendesha.