Una mafua na unanyonyesha? Usimwachishe mtoto ziwa

Pole sana dada na hayo mafua. Umeuliza kama umwachishe mtoto wa miezi 2 mpaka upone sababu wifi yako kasema maziwa yashaingia ugonjwa, hapana jamani, usimwachishe kabisa. Mafua anayapata kwa chafya, kikohozi na mikono yako, sio kwa kunyonya. Na hapo ulipo mwili wako ushaanza kutengeneza kingamwili (askari wa mwili) za kupambana na huyo huyo mdudu anaekusumbua, yani seli za kinga zinatoka mapafuni na tumboni zinasafiri mpaka kwenye matiti, kingamwili aina ya IgA zinaingia kwenye maziwa, mtoto akinyonya zinabaki kwenye utando wa koo na utumbo wake zinamzuia mdudu asijishike. Maziwa ya kopo hayana hizo, na ukiacha wiki nzima hata yako yatapungua.

Wewe vaa barakoa ukimnyonyesha, nawa kwa sabuni kabla hujamshika, usimbusu usoni. Dawa usijinunulie tu, muulize mfamasia, zile za kuzibua pua zenye sudoefedrini zinaweza kupunguza maziwa.

Ila bado anaweza kuugua, kinga inapunguza tu. Akianza kukohoa mhesabie pumzi dakika nzima akiwa ametulia, zikifika 50 au zaidi, au kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta hewa, au anakataa ziwa, hospitali saa hiyo hiyo hata kama ni usiku, usisubiri asubuhi tafadhali.