Anayekaa kutwa alipe ya kutwa

Mmeuliza wiki hii: ada ya kuegesha magari mjini ipandishwe, ibaki ilivyo, au ifutwe kabisa? Mimi nauza leso na vitambaa karibu na soko la zamani hapa Malindi, na hakuna hata moja kati ya hayo matatu ninalolitaka. Nataka tulipishwe kwa saa.

Tulivyozoea katika miji mingi ya Kenya, ukishalipa asubuhi umelipa siku nzima. Aliyeshuka nusu saa kuchagua doti mbili za leso na aliyeacha gari tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni wanatoa pesa sawasawa. Haya, fanyeni hesabu. Hizo ni saa tisa. Nafasi moja mbele ya duka, kila mteja akikaa nusu saa, inapokea magari 18. Likikaa moja kutwa, imepokea hilo hilo moja. Wengine wote huzunguka mara mbili tatu, kisha ama wanasimama katikati ya njia huku tuktuk zikiwapigia honi nyuma, ama wanakwenda zao.

Na hilo linalokaa kutwa ni la nani? Si la mgeni wa Nairobi aliyekuja Desemba, wala si la Mtaliano. Piteni asubuhi kabla milango haijafunguliwa muone: ni la mwenye duka, la shemeji yake anayemsaidia, na la karani wa ofisi ya ghorofani. Wenzangu watanuna, lakini wafanyabiashara wenyewe ndio wanaowazibia wateja njia, halafu jioni wanailaumu kaunti kwamba biashara imelala.

Hili si la Malindi peke yake. Mita ya kwanza ya maegesho duniani, yaani kifaa cha kando ya barabara kinachopokea sarafu na kupima muda, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 16, 1935, kwa kisa hiki hiki. Wafanyakazi wa mjini walikuwa wakijaza barabara tangu asubuhi, wanunuzi wakakosa pa kusimama. Ikawekwa bei, senti tano kwa saa. Baadaye Donald Shoup, profesa wa huko Los Angeles aliyefariki 2025, alieleza namna ya kuipata bei yenyewe: iwe ile ndogo kabisa inayotosha kuacha nafasi moja au mbili wazi kila mtaa. Pakijaa pote, bei ni ndogo mno. Nusu ikiwa tupu, imezidi. San Francisco walilijaribu wazo hilo kuanzia 2011, wakibadilisha bei mtaa kwa mtaa, na kuna mitaa bei ilishuka.

Kwetu maana yake ni kwamba pale sokoni na kule mwisho wa barabara ya Lamu pasiwe bei moja. Wala Desemba isiwe bei ya Mei, mvua zimeshika na hoteli kadhaa zimefunga. Kuijua hali hiyo hakuhitaji mitambo. Kijana mwenye daftari akipita kila saa kwa wiki mbili, akihesabu nafasi zilizo wazi, inatosha. Malipo nayo ni ya simu, kama tunavyolipia kila kitu.

Wanaotaka bure ndio wanaonishangaza zaidi. Hapo nje ya duka langu yupo mama wa viazi karai. Meza yake haifiki mita mbili, na kila siku anatoa ushuru wake, apate wateja asipate. Gari moja hulala kwenye kipande cha mita tano kwa mbili na nusu. Kwa haki gani yeye atozwe na gari lisamehewe? Tena yeye hana gari. Wengi wetu mji huu tunakwenda kwa miguu, boda au tuktuk. Tuktuk nazo, kwa kuwa zinakula nafasi ndogo, zitozwe kidogo.

Najua kinachowauma watu, na si shilingi zenyewe. Tunalipa, na mfereji wa maji machafu uko pale pale. Katika mtaa wa Old Pasadena, California, wenye maduka walizikataa mita kwa muda mrefu, wakakubali 1993 walipoahidiwa kwamba mapato yatabaki mtaani kwao kutengeneza njia za miguu, taa na usafi. Hilo tungelidai hapa: sehemu ya pesa za soko irudi sokoni, kwa maandishi. Na ukusanyaji wa ada usikodishwe kwa kampuni kwa miaka mingi. Chicago ilikodisha mita zake 2008 kwa miaka 75, ikapewa dola bilioni 1.15 na kuzitumia upesi, na sasa ikifunga barabara kwa ukarabati au sherehe inalazimika kuifidia kampuni. Fikirieni Maulidi au Idi, tulipie kuifunga njia yetu wenyewe!

Kisheria hakuna kikwazo. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeiachia kaunti mambo ya magari na maegesho, na ada zinapitia mswada wa fedha ambao wananchi wana haki ya kuutolea maoni. Kwenye vikao vyenyewe watu hupiga kelele moja tu, punguzeni, kisha wanaondoka. Safari hii tupeleke pendekezo lenye saa na mitaa.

Jirani yangu wa viatu, ambaye gari lake ni miongoni mwa hayo ya kutwa, tumebishana naye hadi amelegea, lakini kwa sharti: nusu saa ya kwanza iwe bure, mteja asiogope kushuka. Mimi nampa robo saa. Nusu saa ndiyo muda ambao mteja wangu wa kawaida hukaa dukani, na nikikubali, hatalipa mtu ila yeye jirani, jambo ambalo naona ameanza kulishtukia.